Kopo la Tatu

Zuwena kaniletea diski ndani ya bahasha ya plastiki,
stempu ya nchi nisiyoijua, na kijitabu kinene
cha maprofesa wawili wanaopingana kwa adabu.
"Babu, si ndiyo hii ile yako? Imetoka upya.
Wameiosha picha kwa picha, sauti wameipangusa masizi."
Nikasema: tia. Umeme wa Kwahani haumngoji mtu.

Ile yangu. Ambayo sikuwahi kuiona.

Tuelewane. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na baiskeli ya kuazima, breki moja.
Filamu moja, sinema mbili:
Vuga wanaanza saa tatu, Ng'ambo saa tatu na nusu,
na baina yao mimi, makopo ya mkanda kwenye keria,
yamefungwa kwa mpira wa tairi bovu, ya moto bado kutoka mashineni.
Kopo la kwanza nililitazama nikisubiri.
La mwisho nililitazama nimesimama, jasho likinikauka.
Ya katikati yalinipita mgongoni,
yakigongana kama masufuria ya arusi.

Karani wa posta, huko Misri, anaficha barua ya mfua nguo.
Hilo nimeliona.
Karani kazeeka, kapiga magoti mlangoni kwa yule mwanamke,
na mwanamke anacheka.
Na hilo nimeliona.
Baina ya barua na kicheko nikajaza mwenyewe:
nikatia kesi, nikatia moto, nikatia kisu juu ya paa,
nikawasimulia wanangu, kisha wana wao,
miaka khamsini na sita,
kisu kikirefuka kila Ramadhani.

Deki ikameza diski.
Nyeusi ni wanja, nyeupe ni tui la kwanza.
Ile mvua ya mikwaruzo niliyoizoea, hamna.
Hamna wa kupiga mluzi mkanda ukikatika,
wala wa kumtukania Kassamali mama yake kule juu kwenye kitundu.
Maandishi ya chini ananisomea Zuwena,
mengine anayameza, anadhani sijui.

Basi katikati yenyewe ni hii:
hamna kesi. Hamna paa.
Mwanamke barua kaipata siku ya pili tu,
ndani ya koti la karani alilopewa afue.
Hajui kusoma. Kaikunja mara nne
kaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Meza ikatulia.
Na dakika tano nzima tunatazamishwa meza:
watu wanakuja, wanakula, wanaegemea viwiko,
haiyumbi.

Nikataka kukasirika. Kisu changu, miaka yote hiyo!
"Babu, uliturongopea."
Nimwambie nini. Mimi nilikuwa mpelekaji tu.

Halafu, meza ingalipo, ukapita mstari.
Mweupe, umepinda, toka kona ya juu mpaka kwenye bilauri.
Zuwena akafunua kijitabu:
sehemu hii nakala nzuri imepotea,
wametumia nyingine, iliyochoka, ya pwani ya Afrika,
na mkwaruzo mmoja umekataa kutoka.

Usiku wa pili nilianguka Darajani.
Gari la ng'ombe, halina taa, na breki yangu ni ile moja.
Kopo la tatu likafunguka,
mkanda ukamwagika njiani kama matumbo ya mbuzi.
Niliuzoa, nikaufuta kwa shati, nikauviringa kigizagiza.
Kassamali sikumwambia. Mama sikumwambia.

Nakala zilikuwa nyingi, najua.
Tanga kulikuwa na watoto, na Mombasa, na Lamu,
na baiskeli, na mawe.

"Irudishe nyuma," nikasema.
Akairudisha.
"Tena."
Mara ya nne akauliza ninatafuta nini mle.
Naitazama meza, nikamwambia.
Goti la kushoto, lile lililochanika,
lilikuwa linaniwasha.